Foleni ya Upande wa Choo

Wenzangu mliobaki ofisini mliniomba niandike kidogo kuhusu miaka niliyokaa nikinakili maamuzi ya watu wengine. Hotuba ya kuaga nilishaitoa, na wengi wenu mlikuwa mkitazama simu, kwa hiyo haya nimeyaweka kwenye karatasi mkayasome siku kikao kitakapokuwa kirefu. Vyeo nilivyopanda sitavitaja. Viko kwenye faili, na faili iko kwenye kabati ambalo ufunguo wake ulipotea.

Nilizaliwa Mikinduri, kwenye baridi, nikaajiriwa Siakago, kwenye joto. Siku ya kwanza niliingia ofisi ya halmashauri nikiwa nimevaa sweta aliyonifumia mama, na kwa sababu ya adabu sikuivua mpaka saa nane. Nilikuwa mpiga chapa. Nilikabidhiwa mashine ya taipu ambayo herufi ya e ilikuwa inakwama. Madiwani waliongea Kimbeere na Kiswahili, kumbukumbu za vikao ziliandikwa Kiingereza, na Kiingereza bila e hakiendi popote. Mimi mwenyewe nilikuwa bado naota Kimeru.

Aliyenipokea alikuwa Bwana Kathuri, karani mkuu wa kamati, mtu mwembamba aliyewahi kuwa mwalimu na aliyefunga tai hata mwezi wa pili. Baada ya kikao changu cha kwanza nilimpelekea kurasa kumi na moja. Alizisoma zote, akachukua kalamu nyekundu, akabakiza nusu ukurasa.

"Madam, hapa umeandika nani alikohoa," akasema.

"Alikohoa kweli."

"Najua. Lakini hawakupitisha kitu kuhusu kikohozi."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi. Hoja, aliyeitoa, aliyeiunga mkono, uamuzi. Hotuba, alisema, wenyewe watazikumbuka, na kwa kawaida watazikumbuka vizuri kuliko zilivyokuwa. Alinifundisha pia kukata stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala, bila kuipasua na kufuta kosa kwa ule wino mwekundu unaonuka kama rangi ya kucha. Na kuhusu mikutano ya wananchi alinipa amri moja ambayo niliifuata kwa miaka minne bila kuiuliza swali. Walio wengi, waandikie idadi. Walio wachache, waandikie majina. Kwa sababu, alisema, kesho atatokea mtu wa kusema wote walikubali.

Sheria ndogo zilifika mezani kwangu kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida: diwani anatoa hoja, mwingine anaiunga mkono, kamati inaitafuna, halmashauri nzima inaisoma mara tatu, kisha inapelekwa kwa waziri, ambako inapumzika. Njia ya pili ilikuwa ya wananchi wenyewe. Watu wa kata wakichoshwa na jambo, walikutana kiwanjani, wakaamua, na kuanzia kesho yake uamuzi ule ulifuatwa kuliko sheria nyingi zenye muhuri. Halmashauri iliombwa tu kuupigia muhuri baadaye. Nilipokuwa kijana niliipenda njia hii ya pili. Haikuhitaji stensili.

Sasa niwaeleze kuhusu mbuzi.

Kulikuwa na kata moja ya chini, ambayo sitaitaja, na majina ya watu wake nimeyabadilisha, kwa sababu wako hai na bado wana mbuzi. Nusu ya watu walilima ndengu na mtama, na nusu walifuga, na wengi walifanya yote mawili kwa hasira mbili tofauti. Mbuzi waliingia mashambani. Mwaka wangu wa nne kazini, naibu wa chifu aliitisha baraza kwenye kiwanja cha shule ya msingi, na Bwana Kathuri akanituma nikaandike.

Aliyetoa hoja alikuwa Mwalimu Ireri, mwalimu wa shule hiyo hiyo, mtu mpole mwenye shamba la ekari mbili kando ya njia ya mifugo.

"Mimi sina ubaya na mbuzi ya mtu," alisema. "Lakini misimu mbili nimepanda ndengu, na misimu mbili nimevuna mavi ya mbuzi. Watoto wangu hawawezi kula hiyo."

Watu walicheka, lakini yeye hakucheka, na wakanyamaza. Alikuwa na haki. Shamba lake nililiona siku hiyo, mabua matupu kama vijiti vya kiberiti. Alipendekeza mambo mawili: kwamba mbuzi yeyote afungwe kamba mwaka mzima, na kwamba boma lolote lisizidi mbuzi watano. Diwani wa kata hiyo, Mheshimiwa Njeru, mfanyabiashara wa nafaka aliyekuwa na tumbo na akili sawasawa, alikuwa ameketi mbele. Alipoulizwa maoni yake alisema, "Leo mimi ni mgeni hapa. Wenye kuamua ni nyinyi." Nilimsifu moyoni.

Siku hizo watu walizoea kupiga kura kwa foleni. Naibu wa chifu alisimama katikati ya kiwanja akatangaza: "Wanaotaka mbuzi wafungwe, upande wa bendera. Wasiotaka, upande wa choo."

Upande wa bendera ulikuwa na kivuli cha madarasa. Upande wa choo ulikuwa upande wa choo. Ilikuwa saa saba na nusu. Wanaume waliondoka kwanza, wake zao wakasimama nyuma yao. Mwanamke mmoja alianza kuelekea choo, mumewe akakohoa, akageuka kama mtu aliyekumbuka kitu alichokisahau. Nilikumbuka mafundisho yangu, sikuandika kikohozi.

Foleni ya bendera ilizunguka mpaka jikoni. Niliihesabu mara mbili nikaandika idadi. Foleni ya choo ilikuwa na watu tisa. Wanane walikuwa wanaume wachungaji, na wa tisa alikuwa mwanamke wa makamo aliyesimama peke yake kidogo, akitazama mbele. Nilipita nikiuliza majina.

"Unaandika ya nini?" mwanamke huyo aliniuliza.

"Ya rekodi, mama."

"Na rekodi inafanya nini?"

"Haifanyi kitu. Inakaa tu."

Akanipa jina lake, Ciarunji. Nilimwandika na herufi zote.

Kwa utaratibu, nakala ya kumbukumbu ilipelekwa kwa naibu wa chifu. Nilimpigia chapa safi, nikaitia kwenye bahasha, nikaisahau. Yeye alifurahishwa sana na unadhifu wake hata akaibandika kwenye mlango wa ofisi yake.

Baada ya kama mwezi na nusu, Ciarunji aliingia ofisini kwetu Siakago. Alikuwa ametembea kutoka alfajiri. Hakusalimia. Alifungua leso, akatoa karatasi yenye matundu manne ya misumari pembeni, akaiweka juu ya mashine yangu ya taipu.

"Wewe ndio uliandika jina yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Uliandika vizuri. Sasa kila mtu anaijua."

Nilimpa kiti. Hakukaa mara moja. Alieleza akiwa amesimama, bila kupandisha sauti. Wale tisa walikuwa wanaitwa watu wa choo. Bwawani waliambiwa wangoje wengine wote wanyweshe kwanza, na maji ya mwisho yalikuwa matope. Yeye alikuwa mjane. Shamba la marehemu mumewe lilikuwa mikononi mwa shemeji zake, naye aliachiwa mbuzi kumi na tisa, ambao ndio waliokuwa chakula na karo ya watoto wake wanne. Vijana wa kata walikuja wakahesabu, wakawachukua kumi na wanne waliozidi, wakawafungia kwenye zizi la shule huku ikitafutwa njia ya kuwauza. Watatu walikufa humo kwa kiu. Vijana hawakuwa wabaya, alisema. Kila mmoja alidhani mwenzake amewapa maji.

"Mimi sikukataa sheria yote," alisema. "Mwalimu ni mtu mzuri, anafunza mtoto wangu. Siku ile nilihesabiwa. Lakini hakuna mtu aliniuliza kitu."

Bwana Kathuri alikuwa amesimama mlangoni. Aliichukua ile karatasi, akaitazama, hasa yale matundu, akaikunja akaitia mfukoni. Mama alipotoka kwenda kunywa maji, aliniambia, "Nilikufundisha kuandika. Sikukufundisha kuuliza nakala inaenda wapi. Hapo nimekosa mimi." Sikumbuki mkubwa mwingine wa kazi aliyeniambia maneno kama hayo, na nimekuwa na wakubwa wengi.

Usiku huo sikulala vizuri, na hilo halikusaidia mtu. Kilichosaidia ni kitabu cha kanuni. Uamuzi wa baraza haukuwa sheria mpaka halmashauri iupitishe, na kamati ya kilimo na mifugo ilikuwa na uwezo wa kuita mashahidi, uwezo ambao haikuwa imeutumia tangu nilipoajiriwa. Bwana Kathuri aliandika barua ya kuzuia mbuzi wasiuzwe mpaka kamati ikae. Mimi nilitumwa kwa Ciarunji kumwomba aje kusema.

"Nije niandikwe tena?" aliuliza.

Nilimwahidi kwamba kumbukumbu zitasema "shahidi" tu, na kwamba nakala haitatoka kabatini. Kisha akaniuliza kikao ni siku gani, kwa sababu siku ya soko hangeweza.

Alikuja amebeba kamba. Madiwani watano wa kamati walikuwa wameketi, Njeru akiwa mmoja wao, na chai ilikuwa imeletwa. Mwenyekiti alimkaribisha aketi na kueleza. Ciarunji hakuketi. Alimpa Njeru ncha moja ya kamba.

"Shika, mheshimiwa. Wewe ndio mti."

Njeru akashika. Ciarunji alirudi nyuma mpaka kamba ikanyooka, akaanza kutembea kumzunguka, polepole, akipita nyuma ya viti vya wengine, nao wakiinua vikombe vyao. Alimzunguka mara moja.

"Mbuzi ikifungwa, hapa ndio dunia yake," alisema. "Huko juu kwa madam, Meru, mkifunga mbuzi hivi inakula ishibe, majani iko. Hapa kwetu mwezi wa tisa, ndani ya hii kamba kuna nini?"

Wote walikuwa watu wa hapo.

"Kuna mawe," akasema, akaanza kuikunja kamba.

Mwenyekiti alimuuliza kama anayajali mashamba ya wengine. Alijibu kwamba mvua ikinyesha na watu wakipanda, mbuzi wafungwe, na atakayelegeza alipe, hata akiwa yeye. Lakini ndengu zikishavunwa, shamba lina nini la kulinda? Tena mavi ya mbuzi, alisema, Mwalimu asiyadharau, yanasaidia msimu unaofuata. Nilipiga chapa nusu ukurasa. Nilitamani sana kuandika zaidi.

Kamati ilibadilisha ule uamuzi. Mbuzi wangefungwa kuanzia kupanda mpaka kuvuna, tarehe itangazwe na chifu kila msimu, kisha waachiwe. Idadi ya watano kwa boma ikafutwa. Kilichobaki ni Njeru kuamua kama ataisimamia mbele ya halmashauri nzima, kwa sababu kata ilikuwa yake. Jioni moja kabla ya kikao alikuja kusimama karibu na meza yangu, akajifanya anasoma kalenda.

"Madam, ile foleni ya bendera, ni kura ngapi?"

"Zinatosha, mheshimiwa."

"Na ile ingine?"

"Tisa."

"Tisa," alisema. "Na wawili hawana vitambulisho." Alikaa na kalenda kidogo. Kisha akasema, si kwangu hasa, "Lakini ile kamba niliishika mimi."

Siku ya kikao benchi la wageni lilijaa. Mwalimu Ireri alikuwa amekuja na watu wa kata kama ishirini, waliovaa nguo za kanisani. Njeru alisoma hoja kama ilivyobadilishwa na kamati. Kabla hajaketi, Mwalimu alisimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, hiyo sio ile tulipitisha. Sisi tulishaamua."

"Wageni hawaruhusiwi kuongea," mwenyekiti alisema.

"Tulisimama kwa foleni tukaamua sisi wenyewe, wote. Sasa watu kumi na nane ndani ya nyumba wanabadilisha, na sisi tunyamaze. Ni nani alituma nani?"

Lilikuwa swali zuri. Nimelisikia likiulizwa kwa maneno mengi zaidi na watu waliosoma zaidi, na halijawahi kuulizwa vizuri hivyo. Mwenyekiti alinitazama kana kwamba jibu lilikuwa kwenye kanuni. Halikuwa. Njeru ndiye aliyejibu, akiwa amegeukia benchi, jambo ambalo nalo halikuruhusiwa.

"Mwalimu, mlinituma nilete uamuzi wenu. Nimeuleta. Mngetaka ufike bila kuguswa, mngeutuma kwa posta. Mimi nikija huku nakuja na macho na masikio, na nimesikia mtu ambaye pale kiwanjani hatukumsikia, hata mimi, na nilikuwa nimekaa mbele kabisa. Msimu wa kupanda mbuzi itafungwa, hiyo ndiyo shida yako na imetibiwa. Kama nimekosea, kiti changu mnajua namna ya kukichukua."

Ilipita. Watu wa benchi walitoka kwa utaratibu, mmoja mmoja, kama wanavyotoka kanisani mahubiri yakiwa mabaya.

Mbuzi kumi na mmoja waliobaki wa Ciarunji walirudishwa. Wale watatu hawakuweza kurudishwa, na hakuna kifungu kilichowataja. Sheria ilitumwa kwa waziri ikakaa huko muda mrefu, ikarudi imeidhinishwa, mabadiliko yakiwa nukta mkato moja. Kata ilikuwa imeshaifuata misimu mingi bila hiyo nukta.

Uchaguzi uliofuata, watu wa kata ile walikichukua kiti. Njeru alishindwa vibaya. Alinunua lori la pili akaendelea na nafaka. Miaka mingi baadaye nilikutana naye Makutano, pale Meru, akisimamia mahindi yakipakuliwa, na nikamuuliza kama alijutia. Nilitarajia aseme hapana. Alisema ndiyo, kila mwaka wa uchaguzi, kwa wiki mbili hivi, halafu inapita.

Aliyemshinda alikuwa Mwalimu Ireri. Hakuna aliyeshangaa. Hoja yake ya kwanza ilikuwa kufuta sheria ile na kurudisha uamuzi wa kiwanjani, na ilikuwa na sababu: msimu mmoja ndengu zake zilichelewa kukomaa, chifu akatangaza tarehe kwa kutazama mashamba ya wengine, na mbuzi wakaingia kwake kihalali. Aliniletea bua moja ofisini, akaliweka mezani. Sheria iliyomwokoa Ciarunji ilikuwa imemla yeye, na nilikuwa nimeipiga chapa mimi.

Lakini kabla hoja yake haijafika kamati, watu wake walikutana tena kiwanjani, wakapanga foleni, wakaamua jambo jingine: bwawa lifungwe kwa wafugaji wa kata jirani. Wakamtuma diwani wao apeleke. Kata jirani ilikuwa na kisima kimoja, tena cha chumvi. Aliniletea uamuzi ule ukiwa umeandikwa kwa mwandiko wake wa ubaoni.

"Madam, hii lazima iingie kwa ajenda?"

"Lazima, mheshimiwa. Umetumwa na wananchi."

"Lazima haraka?"

Nilimweleza kwamba kanuni hazitaji haraka. Aliketi. Akaniuliza kama inawezekana kamati kuita mashahidi, kwa mfano mtu wa kata jirani. Nilimwambia inawezekana, ilishawahi kufanyika. Hakutabasamu, wala mimi. Bwawa halikufungwa. Ile hoja yake ya mbuzi aliirekebisha ikawa ya kuongeza kifungu kimoja, kwamba mwenye shamba lililochelewa apewe wiki mbili za ziada akiomba. Ciarunji aliitwa kama shahidi, akasema wiki mbili ni sawa. Huo ndio mkutano pekee niliowaona wawili hao wakinywa chai kwenye meza moja. Walizungumza juu ya hesabu za mtoto.

Baada ya mambo hayo nilibadilisha namna yangu ya kufanya kazi, na haya nawaombeni myashike. Kwanza, majina ya walio wachache yaandikeni, Bwana Kathuri alikuwa sahihi, lakini yawekeni kwenye karatasi ya pekee, na kabla ya kuipiga muhuri ulizeni ni nani atakayeishika. Pili, nilianza kwenda kwenye mabaraza na mkebe wa maziwa ya unga na mfuko wa maharagwe ya rangi mbili. Kila mtu anaingia darasani peke yake, anatia haragwe moja mkebeni, anatoka. Naibu mmoja wa chifu alilalamika kwamba maharagwe hayana nidhamu. Alikuwa na maana kwamba huwezi kuona nani ni nani. Katika kata moja foleni ilitoa jibu moja asubuhi, na maharagwe, baada ya watu kulalamika na kura kurudiwa, yakatoa jibu la kinyume mchana. Watu walikuwa wale wale, na hakuna aliyekuwa amebadilisha mawazo wakati wa chakula.

Halmashauri zilivunjwa, tukapata kaunti, na mimi nikahamia bunge la kaunti pamoja na kiti changu. Huko mnajua wenyewe. Sasa sheria inatuamuru tuwaulize wananchi kabla ya kupitisha mswada wowote, na tunawauliza. Tunawatangazia gazetini, ambalo hawalisomi, waje ukumbini, ambako ni mbali, watoe maoni juu ya mswada wa kurasa sitini, ambao tumewaletea nakala tatu. Wanatia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio. Wanapewa soda. Sisemi ni mchezo. Mara mbili nimeona mswada ukibadilishwa na mama mmoja aliyesimama nyuma ya ukumbi, na hizo mara mbili zinatosha kunifanya nisiseme ni mchezo. Ila nilizoea, baada ya kila mkutano, kuchukua maoni matatu ya wale waliopingwa na ukumbi mzima, na kuyaweka juu kabisa ya ripoti, ambapo mheshimiwa angeyaona kabla hajachoka. Mwisho wa ripoti wekeni ya walio wengi. Hayo atayasikia hata asiposoma.

Nilistaafu mwaka huu. Nimerudi Mikinduri, na sweta sasa ina kazi.

Mwezi uliopita mradi wetu wa maji uliita wanachama wote. Watu wengine walikuwa wanafungulia maji ya bomba usiku wakanyweshea miraa, na walio chini ya kilima wakakosa hata ya kupikia. Ilitolewa hoja kwamba atakayepatikana akatiwe maji miezi mitatu, siku hiyo hiyo. Karani hapigi kura, na kwa miaka zaidi ya thelathini nilikuwa nimeandika kura za watu bila kupiga hata moja kikaoni. Siku hiyo nilikuwa mwanachama. Nilisimama nikasema sina neno na adhabu, ila mtu asikizwe kwanza, kwa sababu bomba linaweza kupasuka lenyewe, au nyumba ikawa na mzee mgonjwa. Watu walinisikiliza kwa heshima. Jirani yangu Mutuma alisema, "Madam, ukisikiza mwizi mpaka amalize, maji itakuwa imeisha." Tulipiga kura kwa mikono. Kwa hoja yangu walinyoosha watu wanne, nami nikiwamo.

Sikujua kwamba inauma hivyo. Niliwaandika watu wengi wakiwa mahali hapo, na nilidhani nimeelewa.

Kisha mwenyekiti akasema kwamba, kwa bahati nzuri, tunaye mtu aliyefanya kazi ya sheria, yeye ndiye atakayetuandikia hii vizuri. Watu wakapiga makofi. Nikaenda nayo nyumbani. Nilikaa na kalamu mchana wote. Maneno matatu tu, "baada ya kusikizwa", yangeingia katikati ya sentensi bila mtu kuyagundua. Nimeona sheria zikibadilika kwa udogo kuliko huo, na pale mkutanoni hakuna anayesoma mpaka mwisho. Nilijua hata mahali pa kuyaweka.

Sikuyaweka. Niliiandika sheria ile kama walivyoipitisha, kwa lugha safi, nikaitia sahihi kama mwandishi. Halafu nikachukua karatasi nyingine nikaandika ajenda ya mkutano ujao, na hoja yangu ikawa ya nne, chini ya uchaguzi wa fundi wa mabomba. Nadhani nitashindwa tena. Lakini jana nilienda kwa Mutuma nikanywa uji, na kabla sijaondoka alikubali kwamba mwezi wa tano bomba lake lilipasuka lenyewe.